Rilei kulia "tak" si ushahidi kwamba feni inapata umeme

Mkuu, umesema feni ya rejeta haizunguki, rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) inalia "tak", na fundi kakwambia ununue mota. Subiri kwanza. Mimi nilinunua, na wiki ileile gari ikachemsha tena nikiwa napanda mlima Kitonga nyuma ya semi.

Huo mlio ni wa koili tu, yaani waya uliozungushwa ndani ya rilei unaovuta swichi. Miguu ya 85 na 86 inakula umeme kidogo mno. Koili ya omu 80 hivi haifikishi hata ampea 0.2. Mzigo wa feni unapita mguu wa 30 kwenda 87, na hapo ni ampea 10 hadi 15. Koili inaweza kuwa nzima huku njia ya mzigo imeoza.

Kilichonipotosha ni mita. Nilichomoa feni, nikapima waya wake, nikasoma volti 12.4. Nikajua mota imekufa. Kumbe mita haili umeme, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma hivyohivyo. Mota mpya ikagoma. Nikabadili rilei: rilei tak, feni kimya.

Jioni moja nikapima feni ikiwa imechomekwa. Betri 12.3, feni 3! Nikashikiza ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine nikaitembeza; namba inayosomwa hivyo ni volti zilizopotea njiani. Baada ya fyuzi karibu sifuri, waya unaoingia 30 ikasoma 0.1, waya unaotoka 87 ikaruka juu ya 9. Umeme ulikuwa unapotelea hapo katikati, na rilei ni mpya. Nikang'oa soketi yake: tundu la mguu wa 87 limepanuka, plastiki imeiva rangi ya andazi. Soketi bei ya soda mbili tatu, mota nimeshailipia.

Kama kwako upande wa chanya uko safi, pima hasi ya feni hadi hasi ya betri kwa namna hiyohiyo. Bolti ya bodi yenye kutu nayo ni mwizi.

Huna mita? Globu ya indiketa ya wati 21 inatosha, ikiwaka hafifu kwenye 87 umepata jibu. Ila usiiguse kwenye nyaya nyembamba zinazotoka kompyuta ya gari, utaiua. Na rilei yenye diodi (kipitisha umeme upande mmoja tu) ndani usiigeuzie 85 na 86.

Leta hapa volti za 87, feni ikiwa imechomekwa.