Jibu: Mama ameacha vidonge kwa kuwa "presha imeisha"

Umeuliza zile namba mbili za presha zina maana gani, mashine ipi ya kupimia nyumbani ni nzuri, na kama ndimu na kitunguu thomu vinasaidia. Halafu katikati umepenyeza kwamba mama huko Shela kapimwa 128 kwa 82, ametulia, hana mawazo, basi vidonge kaviweka kando. Ndugu yangu, hilo ndilo swali!

Presha haikuisha. Imeshushwa na hivyo vidonge. Sisi muuza dawa mmoja, koti jeupe mpaka magotini, alitwambia presha ya mzee wetu ni maradhi ya hasira: "Msimuudhi mzee, atakaa sawa." Tukamwamini, maana si ndivyo tunavyosema kila siku? Usinipandishe presha, mechi ilinipa presha. Nyumba nzima tukawa twanong'ona, hata punda akilia kichochoroni anafukuzwa. Mzee akatulia kwelikweli, kahawa barazani, kicheko, kichwa hakimuumi. Vidonge akaacha, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi moja kikombe kikamponyoka. Mdomo umekwenda upande, neno halitoki. Kiharusi. Sasa piga hesabu ya mtu wa Lamu: kumteremsha zile ngazi za nyumba ya mawe, vichochoro mpaka gatini, boti hadi Mokowe upande wa bara, kisha barabara ya Malindi kutafuta picha ya kichwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Tulipofika, tukaambiwa pole. Leo anakula kwa mkono wa kushoto, na yule bwana koti lake bado analipiga pasi.

Presha ya daktari ni nguvu ya damu kusukuma kuta za mishipa: namba ya juu moyo ukijikamua, ya chini ukilegea. Mtu hajagombana na hata paka, na anasoma 170. Wengi hawasikii chochote.

Kwa hiyo namba nzuri si ruhusa ya kuacha dawa. Aendelee kumeza, anayepunguza ni daktari peke yake. Ikiwa anameza amlodipine, aina moja ya vidonge vya presha, na miguu inamvimba, arudi akaseme, atabadilishiwa, zipo nyingine. Ukimkumbusha kila siku atanuna. Mwache anune, presha ya namna hiyo haina neno.