Alamu Inalia, Mtu Hakuna

SWALI: Nimefunga sensa ya mwendo, kile kifaa cha alamu kinachonasa anayepita, ukumbini, hapa Langoni, Lamu. Usiku simu huniambia kuna mtu, nikitoka simwoni. Mchana nako hulia kusi ikivuma. Betri nimebadilisha, wapi!

JIBU: Sensa hiyo haimtambui mtu. Inachosoma ni joto linalohama kutoka kipande kimoja cha lenzi hadi kingine. Basi mjusi akijitembelea juu ya lenzi yenyewe, kwa sensa ni kama jitu limepita. Kwa kelele za usiku mshuku yeye kwanza, kisha buibui na wadudu wanaofuata taa. Fungua kifuniko, ukikuta utando au kinyesi cheusi chenye ncha nyeupe, umempata. Pangusa kwa kitambaa laini kikavu, uzibe tundu la waya na mianya ya nyuma kwa silikoni. Dawa ya kupuliza usiielekeze kwenye lenzi, huitia ukungu.

Ya mchana ni pazia: limepigwa jua, upepo unalipeperusha. Ihamishe sensa konani, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, isitazame dirisha, feni wala ua wa ndani usio na paa. Kisha punguza wepesi wake wa kuhisi hatua moja tu na upite mbele yake kuijaribu. Ijaribu saa nane mchana, ukuta ukiwa na joto karibu sawa na la mwili, kwani hapo ndipo huwa nzito kuona.

Na paka? Sensa zinazodaiwa kuwapuuza wanyama hutegemea wabaki chini. Akiparamia kabati, italia.