Maswali na majibu: Jina la kuvumwani ni la nani?

Kwenye matawi ya miparachichi yangu ya zamani kuna ndevu za kijivu, kama zile za msitu wa Mlima Rungwe. Zinaunyonya mti? (Mkulima, Tukuyu)

Haziunyonyi, zimejishikiza kwenye gome tu. Acha panga. Hiyo ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja: mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu huupa makazi. Chukua uzi mmoja ukiwa na unyevu, uvute polepole. Gamba la nje likikatika na ndani ukaona kamba nyeupe inayovutika kama mpira, hiyo ni jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) iitwayo Usnea.

Kama ni viumbe wawili, mbona jina moja? (Mwanafunzi, Mbeya)

Kanuni za kimataifa zinasema jina hilo ni la kuvu. Mwani una lake, mara nyingi Trebouxia.

Ila majina yalitangulia, ukweli ukafuata. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alizirundika kuvumwani zote, aina kama 80, katika jenasi moja tu, Lichen. Mwanafunzi wake Erik Acharius ndiye aliyezigawa katika jenasi nyingi, katika kitabu chake cha 1803, naye bado alidhani ni mimea. Mswisi Simon Schwendener alipotangaza mwaka 1867 kwamba ndani mna viumbe wawili, wakubwa wa fani walimjia juu. Mmoja wao, William Nylander, hakukubali hadi anakufa mwaka 1899. Na huyu si mtu wa kubeza: mwaka 1866 alionyesha kuwa tone la dawa ya klorini, jamaa ya jiki ya kufulia, hugeuza baadhi ya kuvumwani kuwa nyekundu na nyingine isizibadili, hivyo kutenganisha aina zinazofanana kwa macho. Wataalamu wanatumia mbinu hiyo mpaka leo. Ubishi wake umezikwa naye.

Nimekuta “Usnea barbata (L.)”. Hiyo L ni nini? (Msomaji, Mafinga)

Ni Linnaeus. Yeye aliiita Lichen barbatus. Wengine wakaihamishia Usnea, yeye akabaki kwenye mabano. Wana Rungwe wanaujua uhamisho wa namna hii: tumbili kipunji alitangazwa mwaka 2005 kama Lophocebus, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus.

Kuvumwani za ganda, za majani na za kichaka ni familia tatu? (Iringa mjini)

Hapana, hayo ni maumbo tu. Familia moja, Teloschistaceae, ambayo nyingi zake zina rangi ya chungwa, inayo yote matatu.