Ekzosi ya Altezza yenye 1JZ: anzia kwenye shafti ya usukani, inchi zije baadaye

Ndugu, umeuliza mambo matatu. Toyota Altezza yako uliyoitia 1JZ-GTE VVT-i, ile injini ya silinda sita yenye turbo, uifungie ekzosi ya inchi mbili na nusu au tatu? Utumie stenlesi au chuma cheusi, yaani chuma cha kawaida? Na fundi wako wa Changamwe ana haki anaposema ataiunga kipande kimoja kutoka kwenye turbo hadi nyuma "ili isivuje"? Mimi naendesha Altezza yenye injini hiyo hiyo hapa Mombasa, na ekzosi yake tuliitengeneza kutoka mwanzo katika gereji moja Shimanzi. Nitakwambia ninavyoona, wenzangu wataongeza.

Kipenyo ni jambo jepesi, tulimalize. Funga inchi tatu. Hesabu wanayoitumia watengenezaji ni kwamba kila nguvu farasi moja inataka kama futi za ujazo 2.2 za hewa kwa dakika, na kila inchi ya mraba ya paipu iliyonyooka hupitisha kama 115. Ukitoa unene wa chuma chenyewe, paipu ya inchi mbili na nusu inakomea karibu farasi 230, ya inchi tatu inafika karibu 340. Injini yako ilitoka Japani na 280. Na huyo aliyekwambia injini lazima iwe na "presha ya nyuma" ndipo ivute, mwambie kwa upole kwamba hilo halihusu gari la turbo. Injini isiyo na turbo hutaka moshi utoke kwa kasi ili uburute na ule uliobaki ndani ya silinda, na paipu pana kupita kiasi huiua kasi hiyo. Maneno ya presha ya nyuma yalitokea huko. Baada ya turbo, upinzani wowote ni hasara tupu.

Kuna tahadhari moja tu. Ukiifungulia turbo njia, ile valvu yake ya kupunguza presha huenda ikazidiwa na presha ikapanda yenyewe. Turbo ya injini hii, CT15B, ina gurudumu la kauri upande wa moshi, na kauri haipendi kuzungushwa kupita kiasi. Funga geji ya presha kwanza, ndiyo ufunge ekzosi.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujakata paipu hata moja, lala chini ya gari upande wa dereva utazame juu. Injini za JZ zote hutoa moshi upande wa kulia wa gari, na sisi usukani wetu uko kulia. Kwa hivyo turbo, daunpaipu (paipu ya kwanza inayoshuka kutoka kwenye turbo), shafti ya usukani na masta silinda ya breki vyote vinagombania nafasi moja. Si kwamba haiwezekani. Toyota wenyewe waliuza Altezza Gita AS300 yenye 2JZ-GE, usukani kulia, na Chaser ya JZX100 ilikuja na injini yako hii hii. Lakini Gita ile haina turbo, na Chaser nafasi yake si ya Altezza. Hapo ndipo ekzosi yako itaamuliwa. Yanayobaki huko nyuma ni kona na kuning'iniza.

Kitu ambacho mafundi wengi hawakipimi ni kwamba injini haikai tuli. Ukikanyaga mafuta ukiwa kwenye gia, injini nzima hujiinamisha upande wa kulia, yaani daunpaipu inasogea kuelekea shafti ya usukani. Ukiacha nafasi ya kidole ilhali gari limezimwa, ukiwa na mzigo mlimani itagusa, na utaisikia kwenye usukani kama mtikisiko usioeleweka. Sisi tulipima hivi: injini imezimwa, daunpaipu imeshikizwa kwa nukta za weldi tu, mtu mmoja anaisukuma injini kwa mtaimbo upande wa kulia mpaka raba za mauntini zinazoishika injini zikatae, mwengine yuko chini na kipande cha bati cha milimita kumi. Bati likipita kati ya paipu na shafti wakati injini imeinama kabisa, endelea. Lisipopita, kata tena. Fundi atanung'unika, mwache anung'unike. Na kama mauntini zako ni zile zilizokuja na injini kutoka yadi ya Japani, zimelegea, basi zibadilishe kabla ya kupima. Ukipima kwa raba zilizokufa unapima hewa.

Hapo hapo kwenye shafti weka ngao ya joto ya bati mbili zenye nafasi ya hewa katikati, uifunge kwenye bodi, usiifunge kwenye paipu. Na nyingine juu, chini ya masta silinda. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishakunywa unyevu kiwango chake kinashuka mpaka 155, na unyevu wa huku kwetu unaujua. DOT 3 ni mbaya zaidi, 205 ikiwa mpya na 140 ikilowa. Mimi hubadilisha mafuta ya breki mara nyingi kuliko wenzangu wa bara, na sababu ni hiyo turbo iliyokaa chini ya kichupa chake. Kuhusu ile kanda ya kuzungushia paipu, mimi siipendi huku pwani. Inashika joto kweli, lakini inashika na unyevu wenye chumvi, na ukiifungua baadaye chuma cheusi kilichokuwa ndani kinakuwa kimeliwa.

Kipande kimoja? Hapana. Hilo umkatalie fundi. Siku ya kubadilisha klachi itafika, na gia boksi haishuki kama ekzosi imepita chini yake bila kiungo. Mtu atachukua grainda, na hapo kazi yako nzuri imekwisha. Gawa vipande vitatu: daunpaipu, cha katikati, cha nyuma. Viungo vya daunpaipu viwe vya klampu ya duara yenye boliti moja, maana vinafunguka hata kwa mkono mmoja mahali ambapo spana haizunguki. Huko nyuma flenji ya kawaida ya boliti mbili na gasketi inatosha. Kuvuja hakuletwi na idadi ya viungo. Kunaletwa na viungo vilivyochomelewa vikiwa vimepinda kwa sababu fundi hakuvifunga pamoja wakati wa kuchomelea.

Baada ya daunpaipu weka fleksi, ile paipu ya kusukwa, tena ya maana. Inabeba mambo mawili. La kwanza ni huko kuinama kwa injini. La pili ni joto: chuma kikipata moto kinarefuka, na stenlesi inarefuka zaidi kuliko chuma cheusi. Chukua mita tatu za stenlesi ya 304, ipashe nyuzi 300, inaongezeka kama milimita 15. Chuma cheusi kama 11. Ekzosi isiyo na mahali pa kupumulia itautafuta urefu huo yenyewe, itapasua weldi au itapinda flenji ya turbo. Kwa hivyo vining'inizio vyote viwe vya raba, na ncha ya nyuma isifungiwe kwenye bampa kwa chuma.

Gari likae juu ya magurudumu yake wakati wa kupanga. Tumia shimo la gereji au ngazi za kupandia magurudumu. Ukilining'iniza kwa jeki, mikono ya suspensheni ya nyuma inashuka, shafti za magurudumu ya nyuma zinabadilisha pembe, na utapanga paipu mahali ambapo gari likishuka pana chuma kingine.

Halafu kuna feri. Kama wewe ni mtu wa Likoni au Ukunda hili unalijua: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, lango la feri linakaa mwinuko mbaya, na gari lililoshushwa linagusa tumbo katikati. Altezza ina milimita 2,670 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na sehemu ya kugusa huwa hapo katikati, pale pale fundi anapopenda kuweka flenji. Hakikisha hakuna flenji wala boliti inayoning'inia chini kuliko chuma cha bodi, na ile boliti ya klampu ya duara igeuzie ubavuni. Najua siku hizi unaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu usipite feri. Matuta ya mitaani utayazungukia wapi?

Chuma gani? Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea Mombasa. Paipu nyingi zinazouzwa kama "stenlesi" mjini ni za reli za ngazi na mageti. Zina ukubwa unaoutaka, inchi mbili, mbili na nusu, tatu, zinang'aa, na muuzaji atakuwekea sumaku uone haishiki. Sumaku haitoshi. Stenlesi ya aina ya 201 nayo haishiki sumaku, lakini nikeli yake nyingi imetolewa ikawekwa manganizi, na kwenye hewa ya chumvi inaanza madoa ya kahawia mapema. Isitoshe huwa nyembamba. Ya 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8. Uliza paipu iliyopigwa chapa ya namba, na kama haina, uliza cheti cha mzigo. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu.

Kama hupati 304 ya kweli, heri chuma cheusi cha milimita mbili ulichokipaka rangi ya joto kuliko stenlesi ya geti. Nasema hivi nikijua kuna watakaonipinga. Chuma cheusi kitaoza, lakini kitaoza polepole mbele ya macho yako, na fundi yeyote wa jua kali anaweza kukiziba. Paipu ya maji ya mabati, hapana kabisa, hata kwa kipande kidogo. Zinki yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaompa fundi homa usiku huo huo.

Gari langu lina 304 kutoka turbo hadi katikati na chuma cheusi nyuma. Mahali vinapokutana tuliunga kwa waya wa 309, ambao ndio wa kuunganisha vyuma viwili visivyofanana. Na kwa stenlesi, fundi awe wa tigi, ile weldi inayolindwa kwa gesi ya argoni, na ajaze argoni ndani ya paipu pia, si nje tu. Asipofanya hivyo weldi kwa nje itang'aa, lakini kwa ndani itafanya kitu cheusi chenye chembechembe kama ukoko wa wali, na ufa utaanzia hapo. Namna ya kumjua fundi ni rahisi: mwombe akuchomelee vipande viwili vya majaribio, kisha tia kidole ndani. Na betri ichomolewe kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari, klampu ya athi iwe karibu na weldi. Kompyuta ya 1JZ si rahisi kuipata.

Kona, nunua zilizopindwa kwa mashine bila kubonyea. Ile ya kujaza mchanga na kupasha moto ni ufundi wa kuheshimika, lakini kwa inchi tatu kwenye nafasi ya shafti haitakupa kona fupi unayoitaka. Tundu la sensa ya oksijeni, lenye hesi ya milimita 18, liwe upande wa juu wa paipu, kati ya mshale wa saa unapoonyesha kumi na unapoonyesha mbili kwa saa ya Kizungu. Likiwa chini, maji ya asubuhi yanaingia kwenye sensa na kuipasua.

Mvumo sasa, maana hili hukuuliza lakini utaliuliza. Inchi tatu na mafla moja ya kunyooka, mjini utafurahi. Ukishika njia ya Mariakani ukatulia kwenye kilomita 100 kwa saa, kabini nzima itavuma mpaka kichwa kikuume. Injini ya silinda sita hupiga mara tatu kila mzunguko. Langu kwenye gia ya tano kwa kasi hiyo liko kama mizunguko 2,400 kwa dakika, yaani 40 kwa sekunde, yaani mapigo 120 kwa sekunde. Dawa yake si lazima mafla kubwa. Unachomelea tawi la paipu kwenye ekzosi, upande wa pili umezibwa. Sauti inaingia, inagonga mwisho, inarudi ikiwa imepishana na inayokuja, zinauana. Urefu wa tawi ni robo ya wimbi. Ndani ya moshi wenye nyuzi kama 300, sauti hukimbia karibu mita 480 kwa sekunde. Gawanya kwa 120 upate mita nne, robo yake ni mita moja. Anza na refu kidogo, kwa sababu kulifupisha ni rahisi, na kila ukikata, dawa inahamia kwenye mizunguko ya juu zaidi. Programu ya bure ya simu ya kupima masafa ya sauti itakuonyesha mvumo wako uko wapi hasa. Tawi likunje lifuate bodi, moshi haupiti humo, kwa hivyo kona zake hazidhuru kitu.

Mafla usiitoe, na katalitiki, ile ya kusafisha moshi, pia tafuta ya kupitisha kwa wingi uirudishe. Fundi anayejitolea kukutolea ya zamani "bure" anajua ndani mna platinamu na paladiamu. Sheria ya Trafiki inataka sailensa, yaani hiyo mafla, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana kanuni zao za kelele za mwaka 2009. Injini yenyewe, kama hujaipeleka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ikakaguliwe na namba yake ibadilishwe kwenye rekodi, fanya hivyo kabla ya ekzosi, maana askari husikia sauti kwanza, halafu ndiyo anataka kufungua boneti.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, ikishapoa, kaza klampu na boliti zote upya. Na kabla hujampa fundi pesa ya paipu, weka hapa picha ya ile nafasi kati ya turbo na shafti, ipigwe kutoka chini, na rula ionekane.