Tamasha la Évian: angalia kwanza treni ya kurudi

Dada, umeuliza kama inafaa kutoka Geneva kwenda Évian, mji wa Ufaransa kando ya Ziwa Geneva, kwa tamasha la muziki la jioni na kurudi usiku uleule. Nenda, tena usisite! Ukumbi wa La Grange au Lac, uliofunguliwa 1993 kwa ajili ya Rostropovich, mpigaji maarufu wa selo (fidla kubwa ya sauti nzito), umejengwa kwa mbao, na nyuma ya wanamuziki imesimama miti yenye magome meupe. Selo ikilia mle ndani, unaisikia kifuani.

Ila ukumbi uko kilimani, juu ya mji, na kile kitreni cha kupandia kilima hufanya kazi kwa msimu tu. Kutoka Geneva, treni ya Léman Express inakufikisha Évian moja kwa moja. Hakikisha saa ya treni ya mwisho ya kurudi kabla hujakata tiketi ya tamasha. Muda ukibana, lala hukohuko.