Ruzuku za Ubunifu wa Ufundishaji: Andiko Lianzie Kwenye Karatasi za Mitihani

Maandiko mengi ya kuomba ruzuku ya ubunifu wa ufundishaji ambayo nimeyasoma, kwanza nikiwa mwombaji anayeazima ya wenzake na baadaye nikiwa mjumbe wa kamati ya kuyapitia katika chuo kimoja cha hapa Mwanza, huanza na kifaa. Mwombaji anataka projekta, kamera ya kurekodia mihadhara, vishikwambi vya maabara au ubao wa kielektroniki, na akishakitaja kifaa hicho ndipo anaporudi nyuma kutafuta tatizo la kukihalalisha. Mpitiaji mzoefu huling'amua jambo hilo kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, kwa sababu tatizo lililotafutwa baadaye huwa pana kupita kiasi: ufaulu mdogo, uhaba wa vifaa vya kisasa, kasi ya mabadiliko ya teknolojia. Ushauri wangu kwa wahadhiri wenzangu ni kwamba andiko lianzie kwenye karatasi za mitihani ulizozisahihisha mwenyewe, na kifaa, iwapo kitahitajika, kije mwishoni.

Ni vizuri kwanza kutofautisha fedha hizi na zile za utafiti, kwa kuwa fomu zake hufanana na watu huzichanganya. Mfadhili wa utafiti anatarajia maarifa ambayo hayakuwapo. Anayetoa fedha za kuboresha ufundishaji anataka kuona wanafunzi wa kozi fulani wakiweza jambo ambalo wenzao wa mwaka uliotangulia hawakuliweza. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, shughuli yake kubwa ni utafiti na ubunifu wa kisayansi, kwa hiyo andiko la kuboresha semina za mwaka wa kwanza halina nafasi kubwa huko. Mradi wa HEET, ule wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, umelenga vyuo vya umma, na fedha zake hupitia kwenye mpango wa taasisi nzima badala ya mikononi mwa mhadhiri mmoja mmoja. Aliye katika chuo cha umma ausome mpango wa chuo chake aone kozi yake inaingilia wapi. Kwa wengine wengi tulio kandokando ya ziwa hili, mlango ulio karibu ni mfuko mdogo wa chuo chenyewe, au ule wa chuo rafiki cha nje ambacho kina makubaliano na chuo chetu. Kiasi huwa kidogo. Binafsi siuoni udogo huo kuwa hasara, kwani humlazimu mwombaji kuchagua jambo moja.

Nitaeleza kwa mfano wa kozi ninayoifundisha, takwimu kwa wanafunzi wa biashara wa mwaka wa pili. Katika mtihani kulikuwa na swali lenye sehemu tatu kuhusu bei za wauzaji wawili wa nafaka: sehemu ya kwanza ilitaka wastani, ya pili ilitaka kipimo cha mtawanyiko, yaani jinsi bei zinavyopishana na wastani huo, na ya tatu ilimtaka mwanafunzi amshauri mfanyabiashara anunue kwa nani na kwa sababu gani. Nilichukua bunda la karatasi za majibu nikaandika alama za kila sehemu peke yake, badala ya jumla ya swali zima ambayo ndiyo huingizwa kwenye mfumo wa matokeo. Sehemu mbili za kwanza zilijaa alama, hesabu zimenyooka mpaka desimali ya pili. Kwenye sehemu ya tatu wengi waliandika kwamba mwenye wastani mdogo ndiye bora, wakaishia hapo, kana kwamba mtawanyiko waliotoka kuukokotoa mistari minne juu yake haukuwa na kazi yoyote. Na wengine waliacha nafasi wazi.

Hilo ndilo tatizo la kuandikwa. Halihitaji takwimu za kitaifa wala ripoti ya kimataifa kulitetea, na hakuna mpitiaji atakayesema halipo, maana ushahidi wake umo kabatini mwako. Sentensi yake inaweza kuwa hivi: "Wanafunzi wa kozi hii wanakokotoa mtawanyiko kwa usahihi lakini hawautumii wanapotakiwa kufanya uamuzi, kama inavyoonekana katika mgawanyo wa alama za swali la nne la mtihani wa mwaka jana." Ilinganishe na "wanafunzi wana uelewa mdogo wa takwimu", ambayo inaweza kuandikwa na mtu yeyote, kuhusu chuo chochote, bila hata kuingia darasani. Ripoti za watahini wa nje nazo ni hazina isiyotumiwa: mara nyingi mtahini ameshalitaja tatizo hilo hilo kwa maneno machache, na maneno hayo, ukiyanukuu kwa ruhusa ya idara, yana uzito kuliko malalamiko yako mwenyewe.

Tatizo likishabanwa namna hiyo, mbinu hujitokeza karibu yenyewe. Kwetu ilikuwa kuwatoa wanafunzi kwenye mifano ya kitabuni na kuwapeleka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wakusanye wenyewe bei za dagaa kwa wafanyabiashara mbalimbali, kisha wafanye kazi ya darasani kwa takwimu hizo. Mwanafunzi aliyemsikia mama akieleza kwa nini gunia lilelile lina bei nyingine wiki hii hawezi tena kuuona mtawanyiko kama namba ya kupata alama tu. Mbinu yenyewe si ngeni duniani, na andiko lisijidai kwamba ni ngeni. Kamati hutaka kujua kama ni ngeni katika kozi hiyo na kama inalijibu tatizo lililotajwa.

Hapo ndipo maandiko mengi mazuri hujikwaa kwenye jambo ambalo waombaji huliona dogo, yaani muda wa mwanafunzi. Kwa utaratibu wa Tanzania krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za mihadhara, semina, mazoezi na kujisomea, hivyo kozi ya krediti 12 ina saa 120 na si zaidi. Ukiongeza safari za sokoni, uandishi wa ripoti na mawasilisho bila kuondoa chochote, umewaongezea wanafunzi mzigo ambao mtaala haukuupitisha, na mjumbe mmoja wa kamati atauliza. Eleza basi ni semina zipi zitatoa nafasi. Vilevile usibadilishe mgawanyo wa alama za kozi ndani ya andiko la ruzuku: mabadiliko hayo hupitia bodi ya kitivo na Seneti, na yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko mradi wenyewe. Tumia nafasi ambayo mtaala umekwisha kukuachia, kwa mfano kazi za majaribio ya ndani ya muhula.

Kuhusu kupima matokeo, hojaji za kuwauliza wanafunzi kama wamefurahia hazitoshi. Wanafunzi wanaotoka darasani kwenda sokoni watafurahia tu, wawe wamejifunza au hawakujifunza. Kipimo kilicho bora ni kuweka katika mtihani mpya swali lenye muundo uleule wa lile lililofichua tatizo, ila kwa namba na mazingira tofauti, kisha kulinganisha alama za sehemu ile ya tatu kwa miaka miwili, na ikiwezekana mwenzako asiyejua karatasi ni za mwaka gani ndiye azisahihishe. Wapo wanaopendekeza kugawa darasa mara mbili, nusu wapate mbinu mpya na nusu wabaki na ya zamani. Mimi sipendi, kwa kuwa wote wanalipa ada ileile na wanafanya mtihani uleule. Kama kulinganisha ni lazima, kundi moja litangulie na la pili lifuate katika muhula huohuo, na kipimo kifanyike katikati kabla ya zamu kubadilishana.

Ratiba iandikwe na mtu anayejua mahali kazi itakapofanyika. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa sana taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika na mialo hupoa. Andiko linalopanga safari zote za wanafunzi katika wiki ya mwezi mpevu, kwa sababu tu ndiyo wiki isiyo na majaribio chuoni, limepanga kukusanya takwimu wakati mali ni haba. Kwa upande mwingine, kwa somo la takwimu hali hiyo ni neema: ukipanga safari moja gizani na nyingine kwenye mbalamwezi, wanafunzi watajionea bei zikitofautiana na watakuwa na sababu ya kuueleza mtawanyiko wao. Nilipoliandika jambo hilo kwa sentensi mbili katika ratiba, ndilo lililotajwa na wapitiaji kuliko sehemu zote nilizozihangaikia. Masika nayo ikumbukwe, pamoja na wiki ya usajili, ambayo kila mwaka hurefuka kuliko kalenda inavyosema.

Sasa bajeti, ambayo kwa maoni yangu huamua mambo kuliko nadharia zote za ufundishaji. Kabla ya kujaza hata shilingi moja, nenda ukakae na mhasibu wa idara au wa kitivo, ukiwa na orodha ya shughuli mkononi, na umwulize kila shughuli italipwa kwa njia gani. Atakueleza kwamba fedha za safari zitatoka kama masurufu kwa jina lako, kwamba ni lazima uyarejeshee hesabu kwa hati kamili kabla ya kuchukua mengine, na kwamba risiti za mashine ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, zinatakiwa. Swali linalofuata ndilo la msingi: daladala ya kutoka Nyegezi kwenda Kirumba haitoi risiti ya EFD, wala mama anayewauzia wanafunzi kopo la dagaa la kupimia. Vyuo vina namna ya kulishughulikia hilo, kama vile fomu ya orodha ya malipo iliyosainiwa na waliolipwa, au kukodi basi moja kwa kampuni yenye risiti. Lakini namna hiyo inatakiwa ijulikane kabla, kwa kuwa inabadilisha kiasi unachoomba. Kukodi basi ni ghali kuliko nauli za daladala, na bajeti iliyoandikwa kwa nauli haiwezi kulipa basi.

Posho ndiyo sehemu inayosomwa kwa jicho kali zaidi. Fedha zikielekea zaidi kwa posho za wahadhiri za kuhudhuria vikao ambavyo ni sehemu ya kazi yao, kamati hukata, na wakati mwingine hukata andiko zima. Weka fedha karibu na mwanafunzi: usafiri, uchapaji wa madodoso, vifurushi vya intaneti kwa makundi yatakayoingiza takwimu, malipo ya wanafunzi wa uzamili watakaosaidia kusimamia makundi. Kifaa kikihitajika, ulizia ofisi ya manunuzi utaratibu na muda wake, maana ununuzi ulioanza wiki ya tatu ya muhula unaweza kukamilika muhula ukiwa umekwisha. Mara nyingi simu za wanafunzi zinatosha kwa kazi iliyokusudiwa, mradi fomu ya kukusanyia takwimu iweze kujazwa bila mtandao na kutumwa baadaye.

Ukikusudia kurekodi wanafunzi, sauti au picha, au kutumia karatasi zao za majibu kama takwimu, andiko lieleze ridhaa itaombwaje na kumbukumbu zitatunzwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kamati za maadili sasa huiulizia. Wafanyabiashara wa sokoni nao waelezwe na waombwe ridhaa, na uongozi wa soko uandikiwe barua mapema. Barua ya kukubaliwa, hata ya mistari mitatu, ikiambatanishwa huonyesha kwamba mradi umeshaanza kufikiriwa na watu wa nje ya ofisi yako.

Barua ya amidi wa kitivo usiiombe siku ya mwisho. Mpe rasimu ya ukurasa mmoja inayoeleza nini kitaendelea baada ya fedha kwisha: nani ataifundisha kozi ukienda masomoni, madodoso na maelekezo yatawekwa wapi, na ni gharama gani idara itazibeba. Maneno ya jumla kuhusu uendelevu hayamshawishi mtu; kinachoaminika ni barua inayosema idara itagharamia safari moja kila mwaka kutoka fungu lake la mafunzo kwa vitendo, na amidi hawezi kuandika hivyo kwa haraka, kwa sababu naye ana mhasibu wa kumwuliza.

Andiko likirudi bila fedha, omba maoni ya wapitiaji kwa maandishi, kwa barua pepe fupi na ya heshima, hata kama tangazo halikuahidi kuyatoa. Yasomwe na mtu mwingine kabla yako, kwani mwenye andiko huona dharau mahali palipoandikwa swali la kawaida. Maoni yanayohusu bajeti na ratiba yatekelezwe yote. Maoni yanayosema tatizo halieleweki yakurudishe kwenye bunda la karatasi, na wakati huo uwe umekwisha kusahihisha mtihani wa mwaka mwingine, kwa hiyo utakuwa na miaka miwili ya kulinganisha; jambo hilo peke yake linatosha kulifanya andiko la pili lisomwe tofauti na la kwanza.