Ndani ya, ndani ya, ndani ya!

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natafsiri makala ya sayansi kuhusu kuzeeka. Nimeandika: "Watafiti waliingiza protini moja kwa moja ndani ya seli ili kuchunguza uzee." Mwenzangu anasema niandike "walipeleka". Nani kapatia?
Mwanafunzi wa biolojia, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. "Kupeleka" huishia mlangoni. Mzigo unaweza kupelekwa na usipokelewe. Wewe umekaribia zaidi, ila hilo "ndani ya" linanichoma.

Seli asili yake ni Kilatini, chumba kidogo. Ndivyo Robert Hooke alivyoviita mwaka 1665 vijumba alivyoviona katika kizibo kwa hadubini. Sasa, nani hulala "ndani ya chumba"? Tunalala chumbani. Basi selini! Juzi redioni nimesikia: "Mgeni rasmi ameingia ndani ya ukumbi, na ndani ya ukumbi kuna wajumbe ambao wako ndani ya ukumbi tangu asubuhi." Mara tatu kwa pumzi moja! Bibi yangu, ambaye hakukanyaga shule, angesema: "Mgeni kaingia ukumbini, wajumbe wamo tangu asubuhi." Itazameni hiyo -mo. Silabi moja imebeba ukumbi mzima, nasi tunaitupa. Kisha tunaandika "ndani ya Dodoma", "ndani ya mkutano", "ndani ya mwezi Juni", kana kwamba lugha hii haikuzaliwa na -ni wala -mo.

Mwenyeji akisema "Ingia ndani", sina ugomvi naye: hataki mgeni aishie barazani. Na hapo biolojia yako inanipa haki. Mara nyingi protini humezwa na seli ikafungiwa katika kifuko. Imo selini, lakini haijafika kwenye ute ambamo kazi hufanyika. Huyo ni mgeni aliyeachwa barazani. Ukieleza hatua ya kutoka kifukoni, andika "ndani" kwa raha zako.

Kitenzi chako ni "kupenyeza". Utando wa seli hauipitishi protini kubwa hivi hivi. Wengine huupiga umeme ukafunguka vitundu. Wengine huifunga protini mkia wa kuivusha, ufundi uliotokana na ugunduzi wa mwaka 1988 kwamba protini ya Tat ya virusi vya UKIMWI hujipenyeza yenyewe. Mwaka 2009 seli za panya zilirudishwa kwenye uchanga kwa protini nne zenye mikia ya namna hiyo. Wahenga walishatupa neno: penye udhia, penyeza rupia.

"Moja kwa moja" libaki, lina maana: imepenyezwa protini yenyewe, si jeni ya kuitengeneza. Jeni inaweza kuendelea na kazi muda mrefu; protini seli huivunjavunja, hivyo mtafiti hupanga kiasi na muda.

Na "uzee" ni hali, hata heshima. Kinachochunguzwa ni mwendo wa kuufikia. Andika: "Watafiti walipenyeza protini selini moja kwa moja ili kuchunguza jinsi seli zinavyozeeka."